Mama yangu ana miaka 71, msiniulize yuko kidato cha ngapi: malalamiko kuhusu namna tunavyopendekezeana vitabu

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, kwa sababu jambo hili limenikuta mara nyingi mno hata siwezi tena kuliita bahati mbaya. Jumamosi iliyopita niliingia katika duka moja la vitabu hapa Dar es Salaam, duka kubwa lenye kiyoyozi na wahudumu watatu, nikamweleza mmoja wao kwamba natafuta riwaya ya Kiswahili ya kumpelekea mama. Kabla sijamaliza kusema, akaniuliza: "Kidato cha ngapi, dada?" Nikamjibu kwamba mama yangu ana miaka 71, ni muuguzi mstaafu, na anasoma kwa raha zake. Akanyamaza kidogo, akaenda nyuma ya rafu, akarudi na vitabu viwili: kimoja cha maombi, kingine cha lishe ya wazee. Mama ameuguza watu kwa miaka zaidi ya thelathini, na habari za lishe alizifundisha wengine kabla muuzaji huyo hajazaliwa. Alichotaka ni hadithi.

Tena alikuwa amenituma kwa maneno yanayoeleweka kabisa. Anayo nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, riwaya iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960. Jalada la nakala hiyo lilikwisha kubanduka zamani, sasa linashikiliwa kwa uzi wa kushonea nguo, na kurasa za mwanzo zimegeuka rangi ya chai. Ameirudia mara zisizo na hesabu. Aliniambia: "Nitafutie kingine kama hiki, ila herufi zisiwe ndogo." Ndani ya sentensi hiyo moja mna karibu kila kitu ambacho mtu anayejua kazi ya kuuza vitabu angehitaji ili aanze kuuliza maswali yake. Hakuna aliyeuliza hata moja.

Nilipomtaja Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho cha mama, mhudumu wa pili alichangamka, akaniletea Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, akasema kwamba ni kile kile kwa kuwa nacho ni cha upelelezi. Nikanunua. Mama alifika kama ukurasa wa arobaini, akakifunga, akaweka miwani juu yake, na hakukigusa tena. Sikilaumu kitabu, Musiba alikuwa na wasomaji wake wengi na aliwastahili. Namlaumu aliyenipa kwa kudhani kwamba neno "upelelezi" linatosha. Bwana Msa ni mtu wa Unguja anayewasha kiko chake, anakaa na rafiki yake Najum, anasikiliza watu wakizungumza, kisha anayafumbua mambo kwa kufikiri. Willy Gamba wa Musiba ni jasusi anayepanda ndege, anayebeba bastola na kupigana. Mtu anaweza kuwapenda wote wawili, lakini asiyempenda wa pili hakosi akili, na hata kidogo si ushahidi kwamba "wazee hawasomi", kama nilivyoambiwa niliporudi dukani kueleza kilichotokea.

Basi nikafanya kazi ambayo sikupaswa kuifanya peke yangu. Nilikaa na mama barazani, nikamuuliza ni kitu gani hasa anachokipenda katika kile kitabu chake kilichochakaa. Jibu lake lilinishangaza. Alisema: "Muuaji hata simfikirii, nimekwisha kumjua siku nyingi. Mimi napenda wanavyozungumza." Akanisimulia jinsi watu wanavyokaribishana ndani ya kurasa zile, jinsi maneno yanavyosemwa kwa mafumbo, jinsi nyumba zenyewe zilivyo na siri zake. Kumbe kilichomvuta tangu mwanzo ni Unguja ya zamani na lugha yake. Upelelezi ulikuwa chombo tu cha kumfikisha huko. Nilipolielewa hilo nilimtafutia Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ambayo si hadithi ya upelelezi wala haina kesi ya mauaji ya kufumbuliwa, na ambayo hakuna mtu angeitoa kwenye rafu kwa kufuata neno "upelelezi". Aliimaliza kwa siku tisa. Usiku wa siku ya tano alinipigia simu saa nne, wakati ambao kwa kawaida amelala, akitaka tumzungumze Yasmin, yule binti aliyeozwa kwa mwanamume mtu mzima, kana kwamba ni mtoto wa jirani yetu.

Swali moja tu lililoulizwa kwa utulivu, na mtu aliyedharauliwa dukani akapata kitabu chake. Ndiyo maana nina hasira.

Naomba mnielewe kuhusu rafu. Katika duka hilo, riwaya za Kiingereza zimepangwa kwa aina: za mapenzi mahali pake, za upelelezi mahali pake, za historia mahali pake, ili mteja aende moja kwa moja panapompendeza. Riwaya za Kiswahili zimewekwa zote pamoja kwenye rafu ya chini kabisa yenye kibao kilichoandikwa "Kiswahili", zikibanana na tamthilia, mashairi, kamusi na vijitabu vya mitihani iliyopita. Lugha imefanywa kuwa aina ya hadithi. Msomaji wa Kiswahili hachukuliwi kwamba anaweza kupenda hiki na kutopenda kile. Anachukuliwa kwamba anahitaji "Kiswahili", kama mtu anavyohitaji daftari.

Na ukigeuza kitabu uone nyuma ya jalada, mara nyingi utakuta wasifu wa mwandishi, vyuo alivyosoma na vyeo alivyopata, kisha sentensi inayosema kwamba kitabu kinawafaa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Hadithi yenyewe inahusu nini, inakwenda kasi au polepole, inachekesha au inaliza, hayo hayamo. Wachapishaji, nanyi nawalalamikia. Mmewaandikia walimu migongo ya vitabu vyenu, mkamsahau mtu anayetoa pesa zake mwenyewe mfukoni.

Sisi wasomaji nasi hatuna pa kujificha. Mtu akiomba apendekezewe kitabu, jibu linalokuja kwanza ni "kisome hiki, kina mafunzo mengi". Mwenzako ameuliza kinachonoga, wewe unamjibu kinachofundisha. Tumekaa miaka mingi tukichambua fani na maudhui, dhamira na falsafa ya mwandishi, hadi tumepoteza maneno ya kusema kwamba sura ya tatu ilinifanya nishushwe kituo kisicho changu. Nimejaribu kuwauliza watu wanaonipendekezea vitabu ni wapi walipocheka au waliposhindwa kukiweka chini, na wengi huishia kukiri kwamba walikisoma kwa ajili ya mtihani, au hawakukimaliza, au walisoma muhtasari wake. Kumpendekezea mtu kitabu ambacho hujakisoma ni kutumia pesa zake na siku zake bila ruhusa yake.

Kuna na hili la majina makubwa. "Soma Kezilahabi," wanasema, kana kwamba Kezilahabi ni kitabu kimoja. Mtu aliyeipenda Rosa Mistika ya mwaka 1971, hadithi ya msichana na baba mkali inayokwenda kwa mstari ulionyooka na kuumiza, ukimpa Nagona ya mwaka 1990 bila kumwandaa, unamtupa msituni. Nagona ni kitabu kifupi, lakini ni cha mafumbo na falsafa, matukio yake hayafuatani kwa namna aliyoizoea, na kinadai msomaji wa aina nyingine, au msomaji yule yule katika siku nyingine ya maisha yake. Mimi nakipenda sana. Lakini nimemwona mtu mzima, mwenye akili timamu, akikirudisha kwa aibu na kusema, "Nadhani mimi si msomaji," kwa sababu tu aliyempa alimtajia mwandishi badala ya kumwelezea kitabu.

Sitakaa sana kwenye habari ya mtoto wa kaka yangu, maana inaniuma. Ni kijana wa miaka ishirini na miwili, kibarua wa bandarini, ambaye kwa hiari yake mwenyewe alikwenda dukani kutafuta kitabu cha hadithi cha kusoma zamu zinapokuwa hazina kazi. Alitoka na kitabu kilichotafsiriwa cha namna ya kuwa tajiri, kwa sababu kijana wa kiume siku hizi hupewa utajiri hata akiomba kitu kingine, kama vile msichana anavyopewa vitabu vya kuitunza ndoa ambayo hajaifunga. Kwenye rafu ile ile ya chini ilikuwapo Kuli ya Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1979 kuhusu makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Nilimnunulia mimi. Aliniandikia usiku ule ule: "Shangazi, hawa ni sisi kabisa." Kitabu kilikuwa hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama, na hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani.

Msiniambie kwamba kompyuta zitatutatulia hili. Mashine zinazopendekeza vitabu hulinganisha manunuzi ya watu wengi, aliyenunua hiki alinunua na kile, na vitabu vyetu vingi hununuliwa kwa fedha taslimu, huazimwa, hupita mkono hadi mkono bila kuandikwa popote. Kumbukumbu hiyo tunayo sisi wenyewe vichwani, na ndiyo sababu nadai itumiwe kwa uangalifu.

Kwa hiyo nauliza hapa, kwa namna ambayo ningetaka niulizwe. Mama amemaliza Vuta n'kuvute na anataka kingine. Anapenda mazungumzo marefu, nyumba zenye watu wengi, miji ya pwani ya zamani, na wanawake wanaojibu. Hapendi vita, hapendi bastola, na amechoshwa na vitabu ambavyo mhusika huuawa mwishoni ili wengine wapate funzo. Ambaye amesoma kitabu cha namna hiyo hadi ukurasa wa mwisho, naomba anitajie, aniambie ni mahali gani kilipomshika, na aniambie herufi zake zina ukubwa gani.