Ebola na siasa: waliokuwa Beni mwaka 2018, naomba msaada

MsomiMwanza
Habari zenu. Naandaa mada ya darasani kuhusu magonjwa ya mlipuko na siasa. Wengi wanasema nchi huyumba kwa sababu ya wingi wa vifo. Ni kweli? Aliyeyaona anisaidie.

BabaNeema
Mdogo wangu, hapa Beni, mashariki mwa Kongo (DRC), kilichotuumiza zaidi ni kutoaminiana. Mlipuko ulitangazwa Agosti 1, 2018. Tangu Oktoba 2014 tulikuwa tunazika ndugu zetu waliochinjwa na makundi yenye silaha, na misafara ya magari ya misaada hatukuiona. Ebola ilipoingia, barabara zikajaa magari. Nilikuwa nafuatilia waliokutana na wagonjwa, nyumba kwa nyumba. Mama mmoja alinisimamisha mlangoni: "Tulipokatwa mapanga mlikuwa wapi?" Nilikosa la kusema.

Desemba 26, siku nne kabla ya uchaguzi wa rais na wabunge, tukatangaziwa kwamba Beni na mji jirani wa Butembo tusubiri hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Lakini soko lilikuwa wazi! Krismasi makanisa yalijaa, tukanawa maji ya klorini mlangoni. Desemba 27 watu waliandamana, kituo cha Ebola kikavamiwa, na waliokuwa wakisubiri majibu ya vipimo wakakimbia. Desemba 30 wananchi wakajipangia kura yao wenyewe, wakanawa mikono, wakapiga foleni. Haikuhesabiwa popote.

Kuanzia hapo, nikigonga mlango naambiwa Ebola imeletwa ili tunyimwe kura. Ningewajibu nini, na kura kweli walikuwa wamenyimwa? Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Aprili daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani akauawa Butembo, akiwa kazini. Hadi mlipuko unatangazwa kwisha, Juni 2020, walikuwa wamekufa 2,287.

MuuguziMoshi
Liberia nako, kaka. Agosti 2014 askari walizingira mtaa wa West Point, Monrovia, watu wakiwa wamelala. Vijana wakapambana nao, na mtoto wa miaka 15 akafa kwa majeraha. Karantini yenyewe iliondolewa baada ya siku kumi tu.

MsomiMwanza
Asanteni sana. Kaka BabaNeema, yule mama ulimrudia?

BabaNeema
Mara tatu. Mara ya tatu nilikwenda na mchungaji wake, tukaongea Kinande, lugha ya hapa kwetu, akatusimulia habari za mwanawe aliyeuawa shambani. Tulikaa mpaka jioni. Chanjo aliikubali. Machi 31 alipiga kura, ya wabunge tu. Rais alikuwa ameshaapishwa tangu Januari.