Re: Kijana anataka kuwa kocha wa futiboli chuoni

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mwanangu anamaliza shahada ya uhasibu mwezi wa tano. Kocha wake wa futiboli, hii ya Kimarekani, amemwambia abaki awe msaidizi wake huku akisoma uzamili. Baba yake hataki hata kusikia. Kijana yuko kwenye viza ya mwanafunzi, F-1. Kazi hii inamlisha mtu kweli?
Mama Zawadi, Texas

---

Marahaba, mdogo wangu. Mpwa wangu alipita njia hiyo, na leo anafundisha mabeki kwenye chuo kidogo, kwa hiyo inalisha, ila kwa kuchelewa.

Mlango anaofunguliwa mwanao ndio wanaoingilia wengi. Nick Saban, kocha maarufu wa mchezo huu, alianzia hapo hapo, kwenye chuo cha Kent State, mwaka 1973. Kirby Smart, kocha wa chuo cha Georgia, naye alipitia Florida State akiwa msaidizi wa namna hiyo. Kwa kawaida chuo humlipia ada na kumpa posho ndogo. Kazi yenyewe ni kukata video za wapinzani na kuchora michezo yao kwenye kadi, moja moja, ili kikosi cha akiba kiiige mazoezini. Kwa mpwa wangu Jumapili ndiyo ilikuwa siku ngumu: mechi imeisha Jumamosi usiku, na asubuhi makocha wanataka wakute video za timu inayofuata ziko tayari.

Sasa viza, maana mpwa wangu alikuwa na kadi ya kijani na hakuwa na wasiwasi huo. F-1 inaruhusu saa 20 za kazi chuoni kwa wiki wakati wa muhula. Ofisi za makocha hazijui saa 20. Kabla hajasaini chochote, aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni apewe saa zake kwa maandishi. Asikubali maneno ya mdomo, hata kocha awe mwema kiasi gani.

Akimaliza uzamili ana miezi 12 ya OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo. Nyongeza ya miezi 24 ni ya masomo ya sayansi na teknolojia, kwa hiyo uongozi wa michezo hautamsaidia. Kijana wa hesabu kama yeye ningemshauri asome takwimu. Timu nyingi sasa zina watu wa kuchambua data za mechi. Baada ya hapo ni H-1B, viza ya kazi. Vyuo haviingii kwenye bahati nasibu yake, lakini chuo lazima kikubali kumwombea na kuonyesha kwamba kazi hiyo inahitaji shahada maalumu. Kwa kocha, hilo si jepesi.

Halafu kuna kufukuzwa. Kocha mkuu akitimuliwa, wasaidizi mara nyingi huondoka naye. Kocha Dabo Swinney yalimkuta kwenye chuo cha Alabama mwaka 2000, akaingia kwenye biashara ya majengo hadi chuo cha Clemson walipomchukua mwaka 2003. Baadaye aliwapa ubingwa wa taifa mara mbili. Yeye aliweza kusubiri kwa sababu yuko kwao. Mwenye H-1B akipoteza kazi ana siku 60 tu za kupata nyingine au kuondoka nchini.

Shemeji mwambie asikatae. Aombe kwanza yale maandishi.
Baba Imani, Ohio

---

Asante sana kaka. Baba yake ameisoma yote, kanyamaza, kisha akauliza hizo takwimu zinasomwa miaka mingapi. Jumatatu kijana anakwenda hiyo ofisi.
Mama Zawadi