Naomba ushauri: napiga picha kwa simu, nimepata kazi ya sendofu Moshi. Ninunue kamera?

Mwanzisha uzi, Moshi

Habari za jioni wakuu.

Niko Moshi, maeneo ya Rau. Napiga picha kwa simu, Samsung S23 Ultra. Kazi zangu nyingi ni za watalii wanaopanda Materuni kuona maporomoko na kuonja kahawa, pamoja na picha za vyakula za mgahawa mmoja hapa mjini. Wateja wanaridhika.

Sasa kuna mama ambaye binti yake anaagwa mwezi ujao. Ameniomba nipige sendofu, ukumbini, kuanzia saa kumi na mbili jioni. Anataka albamu na picha moja kubwa ya kutundika sebuleni. Nimekubali, ila usingizi umepungua. Mpiga picha mmoja mkongwe aliniambia wazi kuwa mtu wa simu hajawa mpiga picha. Iliniuma, maana hii kazi naipenda na nataka iwe ndiyo inayonilisha.

Nina akiba inayotosha kamera ya mtumba ya kuanzia, lakini nikiitoa nabaki mikono mitupu. Kikundi chetu cha vicoba wako tayari kunikopesha. Je, simu inatosha kwa kazi hii? Ninunue, nikope, au nimwambie mama atafute mwingine?

Mchangiaji, Sakina

Usikope kwa ajili ya kazi moja. Azima au kodi.

Mpiga harusi, Njiro

Dada, huyo mkongwe hakukutendea haki. Kwa Materuni asubuhi, jua likipenya kwenye migomba, simu yako inatosha kabisa na picha zake mtu anaweza kuzilipia bila kunung'unika. Shida yako ni ukumbi.

Sensa ya kamera kuu ya S23 Ultra, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni kubwa kwa simu, lakini kamera ya kawaida ya Canon au Nikon ya kuanzia ina sensa yenye eneo kubwa zaidi ya mara nne. Ile ya kamera za fulu fremu, yaani sensa ya milimita 36 kwa 24, inaizidi kama mara kumi na mbili. Mwanga ukipungua, tofauti hiyo ndiyo inayoonekana usoni kwa bibi harusi. Simu inajitetea kwa kupiga fremu kadhaa haraka na kuziunganisha. Mtu akitulia, inafanya kazi nzuri mno. Lakini ndafu inapoingia kwa shangwe, mashangazi wanacheza na vigelegele vimepamba moto, nani atatulia? Utapata mikono yenye ukungu na nyuso zilizolainishwa kama nta.

Halafu kuna taa za LED. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo taa nyingi za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila simu husoma picha mstari kwa mstari, na ukipiga kwa kasi kubwa unapata michirizi ya giza. Ukilazimika kutumia simu, ingia hali ya Pro kwenye kamera, uweke kasi ya 1/50 au 1/100 ya sekunde.

Megapikseli 200 za simu yako zisikupe kiburi. Kwa kawaida simu hiyo huunganisha pikseli 16 kuwa moja na kukupa megapikseli 12. Hizo zinachapa A4 safi kwa nukta 300 kwa inchi, na A3 ya ukutani bado inapendeza kama mwanga ulikuwa mzuri. Kwa hiyo picha ya sebuleni mpige binti saa kumi jioni, nje, kivulini, kabla hajaingia ukumbini. Mwombe mama ratiba iruhusu hilo.

Mwongoza watalii, Usa River

Naunga mkono. Pale Momella, Hifadhi ya Arusha, twiga wa mchana simu inamleta vizuri kwa zumu ya mara 10. Jua likizama, zumu hiyohiyo inaleta picha kama iliyochorwa kwa rangi ya maji.

Mchangiaji, Majengo

Mimi napinga kidogo. Nimepiga ubarikio na birthdei kwa simu tupu na watu wamefurahi. Siku hizi familia nyingi wanaangalia picha WhatsApp, albamu inakaa kabatini.

Mpiga harusi, Njiro

Ndugu yangu, ubarikio ni mchana. Na mama huyu ametaja albamu kwa mdomo wake, tusimpangie. Hata hizo za WhatsApp, dada, zitume kama dokumenti, vinginevyo inazibana na kuzipunguza.

Mwanzisha uzi, Moshi

Asanteni sana. Kaka wa Njiro, nikikodi kamera, mwezi mmoja unatosha kuizoea? Sijawahi kutumia flashi.

Mpiga harusi, Njiro

Kuizoea ndiyo, kuitegemea hapana. Tafuta kijana mwenye kamera, lenzi ya 50mm f/1.8 inayoingiza mwanga mwingi, na flashi, mgawane malipo. Yeye akae na ukumbi. Flashi aielekeze darini kama ni jeupe. Dari likifunikwa vitambaa vya zambarau, nyuso zote zitageuka zambarau, basi atumie kadi nyeupe juu ya flashi. Wewe beba simu: maandalizi ya binti saluni, mapambo, keki, mikono ya bibi yake ikimfunga kitenge. Huko unamzidi, kwa sababu unasogea karibu na watu hawajikazi. Zima kile kipengele cha kulainisha ngozi, binti atoke na rangi yake mwenyewe.

Na mama mwambie mapema kuwa mtakuwa wawili na bei ni ileile. Akiba yako iache ilipo mpaka kazi za ukumbini zianze kuja zenyewe. Ukihitaji mtu wa flashi huko Moshi niandikie inboksi, nawafahamu wawili waaminifu.

Mwanzisha uzi, Moshi

Nakuandikia sasa hivi kaka. Kesho naenda kuangalia dari la ukumbi.