Mfumuko asilimia 9.1, dhahabu haikusogea, Nasdaq ikaanguka: naombeni shule ya riba halisi

Mgeni Njoo

Wakuu, habari za muda huu. Nina kiasi nilichokigawa mara mbili: nusu iko kwenye mfuko wa dhahabu, nusu kwenye mfuko unaofuata faharisi ya Nasdaq, lile soko la hisa la Marekani lililojaa kampuni za teknolojia. Hoja yangu ilikuwa nyepesi. Uchumi ukichanua, teknolojia inanibeba. Bei za vitu zikichachamaa, dhahabu inanikinga. Nikajiona nimeziba pande zote.

Sasa nimeanza kupitia chati za nyuma, na mwaka 2022 umenivuruga kabisa. Mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1 mwezi Juni, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 40. Kwa akili yangu, kama kuna mwaka dhahabu ilizaliwa kwa ajili yake, ni huo. Lakini wapi! Machi ilivuka dola 2,000 kwa aunsi, kufikia vuli ikawa imeshuka hadi karibu 1,630, na Desemba ikarudi pale pale ilipoanzia Januari. Nasdaq nayo ikapoteza theluthi nzima ya thamani yake mwaka huo huo.

Kila mchambuzi ninayemsoma anasema "riba halisi zilipanda", halafu anapita zake kana kwamba kashaeleza. Riba halisi ipi? Juni 2022 riba ya benki kuu ya Marekani haikuwa imefika hata asilimia 2. Toa mfumuko wa 9.1 hapo: unabaki na hasi 7 na ushee. Kama dhahabu inapenda riba halisi iliyo hasi, hasi 7 si ingeirusha angani? Nielewesheni taratibu, mimi si mtu wa uchumi.

Chati Kali

Mkuu usijiumize kichwa. Dhahabu hailipi riba. Riba ikipanda watu wanaikimbia, riba ikishuka wanairudia. Teknolojia hivyo hivyo. Mengine yote ni wachambuzi wanajaza kurasa.

Sikio la Kufa

Mada tamu. Nimekaa pale, ngoja waje wenye nondo zao.

Mama Hatifungani

Chati Kali mwanangu, hiyo sheria yako ingekufilisi miaka ya 1970. Riba zilipanda kweli kweli miaka ile, na dhahabu ikapanda pamoja nazo hadi dola 850 mnamo Januari 1980. Kisa ni kwamba bei za bidhaa zilikuwa zinakimbia kuliko riba, kwa hiyo mwenye akiba ya kawaida alikuwa analiwa kila mwaka huku amelipwa riba "kubwa". Paul Volcker alishika usukani wa benki kuu Agosti 1979, akaisukuma riba hadi kwenye jirani ya asilimia 20 na hakuiachia mapema. Mfumuko ulipokubali kushuka huku riba zikiwa bado juu, dhahabu iliporomoka: Juni 1982 ilikuwa chini ya dola 300. Kwa hiyo ukubwa wa riba peke yake haukuambii kitu. Tazama kinachobaki baada ya mfumuko kuchukua chake.

Mgeni Njoo, sasa nije kwako. Kutoa umetoa vizuri, ila umetoa vitu visivyohusiana. Umechukua mfumuko wa miezi 12 iliyopita, ukautoa kwenye riba ya benki kuu, ambayo ni ya mkopo wa usiku mmoja kati ya benki. Anayenunua dhahabu au hisa leo hanunui mwaka uliopita, na wala hanunui usiku mmoja. Ananunua miaka mingi iliyo mbele. Namba anayoihitaji ni hii: nikiikopesha serikali kwa miaka 10, nitabaki na nini juu ya mfumuko *utakaokuwepo* katika miaka hiyo 10?

Namba hiyo ipo, haihitaji ubashiri wa mtu. Tangu 1997 Hazina ya Marekani inauza hatifungani, yaani hati za kuikopesha serikali, ambazo mtaji wake unaongezwa kulingana na mfumuko. Wenyewe wanaziita TIPS. Kwa kuwa mfumuko umeshafidiwa, riba yake sokoni ndiyo riba halisi yenyewe, mbichi. Nimefanya kazi dawati la hatifungani kwa miaka mingi, na kila asubuhi nilikuwa naifungua namba hii kabla ya barua pepe. Wenzangu walikuwa wanaanza na bei za hisa, shauri yao.

Sasa itazame mwaka wako. Mwisho wa 2021, hatifungani ya kawaida ya miaka 10 ilikuwa inalipa kama asilimia 1.5, na ile ya TIPS hasi 1. Tofauti yao, kama 2.6 hivi ukihesabu kwa desimali zote, ndiyo mfumuko ambao soko lilikuwa linautarajia kwa wastani wa miaka 10. Mwisho wa 2022 ya kawaida ilikuwa 3.9, TIPS 1.6. Tofauti 2.3.

Soma tena hapo. Katika mwaka ambao magazeti yote yalipiga kelele kuhusu 9.1, mfumuko uliotarajiwa kwa miaka 10 *ulipungua*. Kadiri namba ya Juni ilivyotisha, ndivyo soko lilivyoamini kwamba benki kuu itakaza na haitalegeza. Kwa hiyo kupanda kote kwa riba kuliangukia upande wa riba halisi: kutoka hasi 1 hadi 1.6. Ile hasi 7 yako haikuwa na mnunuzi wala muuzaji, hakuna mtu aliyeweza kuishika kwa miaka 10.

Dhahabu sasa. Ukiwa na TIPS kwa hasi 1, serikali inakutoza ili ikutunzie uwezo wako wa kununua. Dhahabu inayolipa sifuri inakuwa ndiyo inayolipa zaidi. Si ajabu Agosti 2020, riba hii ilipozama kwenye hasi 1, ndipo dhahabu ilipovuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza. Ukipewa 1.6 juu ya mfumuko bila kutoka jasho, kila aunsi unayoikumbatia inakugharimu hiyo 1.6 kwa mwaka, na usisahau gharama za kuitunza.

Teknolojia inaumia kwa mlango mwingine, na hapa ndipo watu wengi wanapita haraka, kwa hiyo mimi nitakaa. Chukua kampuni mbili. Ya kwanza itakupa dola 100 baada ya miaka 2. Ya pili itakupa dola 100 baada ya miaka 20, kwa sasa inajenga, inaajiri, inachoma fedha. Hizo 100 ni za uwezo wa kununua wa leo, mfumuko tumeshauondoa. Zina thamani gani leo?

Kwa riba halisi ya hasi 1, ya miaka 2 ina thamani ya dola 102, ya miaka 20 dola 122. Ndiyo, ya mbali ina thamani *kubwa* kuliko ya karibu. Ndivyo riba hasi inavyopindua mambo. Sasa weka 1.6. Ya miaka 2 inakuwa 97. Ya miaka 20 inakuwa 73. Ya kwanza imepoteza asilimia 5, ya pili asilimia 40, na hakuna meneja aliyefukuzwa wala mteja aliyehama. Katika maisha halisi mwekezaji anaongeza fidia ya hatari juu ya riba hiyo, kwa hiyo thamani zote zinakuwa ndogo zaidi, lakini uwiano wa anguko unabaki karibu ule ule. Nasdaq imejaa kampuni ambazo sehemu kubwa ya faida inayotarajiwa iko mbali. Theluthi iliyopotea 2022 si muujiza.

Utaniuliza kwa nini nang'ang'ania riba *halisi* hata kwa hisa. Kwa sababu kampuni nzuri inapandisha bei zake pamoja na mfumuko. Riba ikipanda kwa pointi 2 na mfumuko unaotarajiwa ukapanda kwa pointi 2, mauzo ya baadaye nayo yanavimba kwa kiasi hicho, na kwa sehemu kubwa mambo yanafutana. Riba halisi ikipanda, hakuna cha kuifuta.

Ndiyo maana naona tatizo lako, mwanangu, ni ule mgawanyo wako wenyewe. Ulidhani umeshika vitu viwili vinavyokingana, kumbe vyote viwili ni ahadi ndefu zinazopimwa kwa rula moja, riba halisi. Rula ikirefuka, vyote vinaonekana vifupi.

Mgeni Njoo

Mama, shikamoo. Hapo kwenye 122 na 73 nimetoa kikokotoo nikahakiki mwenyewe. Kwa hiyo kila riba halisi ikipanda nitegemee pande zote mbili zianguke?

Chati Kali

Mama nakuheshimu, ila hadithi yako inaishia Desemba 2022 kwa bahati nzuri. Oktoba 2023 hiyo TIPS yako ilifika karibu 2.5, juu kuliko mwaka wa maangamizi. Nasdaq 2023 ilipanda asilimia 43. Dhahabu ikapanda asilimia 13, mwaka uliofuata zaidi ya 25, na Machi 2025 ikavuka dola 3,000. Riba halisi wala haikurudi hasi. Rula imevunjika?

Mama Hatifungani

Marahaba, Mgeni Njoo. Jibu ni hapana, na Chati Kali kanisaidia kulieleza, leo kaja na hesabu zake.

Tuanze na teknolojia, maana huko hakuna jipya. Mwaka 1999 TIPS zilikuwa zinalipa karibu asilimia 4, riba halisi nono sana. Mwaka huo huo Nasdaq ilipanda asilimia 85. Ukiwa na rula tu ungesema haiwezekani. Bei ya hisa ina sehemu mbili: faida inayotarajiwa, na kiwango unachoipunguzia ili kuileta leo. Riba halisi inatawala sehemu ya pili tu. Watu wakiamini kwamba faida itaongezeka mara tano, kama walivyoamini kuhusu intaneti wakati ule, na kama walivyoanza kuamini kuhusu akili bandia baada ya ChatGPT kutoka Novemba 2022, sehemu ya kwanza inaimeza ya pili. Kama imani yenyewe ni ya kweli, hilo ni jambo jingine. Mwaka 2000 uliwajibu wale wa kwanza, Nasdaq ilipoporomoka.

Mwaka 2013 nao utazame. Riba halisi zilitoka chini ya sifuri hadi juu yake baada ya benki kuu kugusia kwamba itapunguza ununuzi wa hatifungani. Dhahabu ikapoteza asilimia 28. Nasdaq ikapanda 38. Uchumi ulikuwa unapona, faida zinakuja, na riba halisi ilikuwa inapanda *kwa sababu* hiyo. Kwa hiyo kabla hujauliza imepanda kiasi gani, uliza nini kimeipandisha. Ikipandishwa na matumaini ya ukuaji, dhahabu inaumia peke yake. Ikipandishwa na benki kuu inayopigana na mfumuko, wanaumia wote.

Dhahabu ndiyo yenye jipya. Dhahabu haina faida inayotarajiwa, kwa hiyo miaka mingi rula ilikuwa inaipima vizuri kuliko kitu kingine chochote. Februari 2022 nchi za Magharibi zilizuia akiba ya benki kuu ya Urusi, mamia ya mabilioni ya dola. Benki kuu nyingine zikaona kwamba hatifungani salama inaweza kufungiwa kwa tamko moja. Mwaka huo zilinunua zaidi ya tani 1,000 za dhahabu, zikarudia 2023, zikarudia 2024, takriban maradufu ya wastani wa miaka kumi ya nyuma. Mnunuzi wa namna hiyo hatazami kama TIPS inalipa 1 au 2.5. Hana shida na mapato, anakimbia kufungiwa.

Tena 2022 yenyewe inalionyesha hilo ukiitazama vizuri. Riba halisi kupanda kwa pointi mbili na nusu ndani ya mwaka kungetosha kuiangusha dhahabu vibaya kuliko 2013. Haikuanguka, ilimaliza mwaka palepale. Wewe uliona imekuangusha. Mimi nilipoona imesimama nilishtuka, maana kuna mtu alikuwa anaishikilia chini kwa chini.

Mpiga Darubini

Naongezea kidogo kwenye teknolojia. Tusiwaweke wote kapu moja. Majitu kama Apple, Microsoft na Alphabet (wenye Google) yanaingiza faida leo leo, na yana malundo ya fedha taslimu yanayolipwa riba. Riba ikipanda kuna upande yanafaidika. Walioteketea zaidi ni wale wasio na faida kabisa, wanaokopa ili waishi.

Mama Hatifungani

Kweli, ingawa Meta, wenye Facebook, ilikuwa na faida na ikapoteza zaidi ya asilimia 60 mwaka 2022. Soko liliona fedha ya leo inapelekwa kwenye ndoto ya mbali, likaipima kama kampuni ya miaka 20. Kwa hiyo mimi siangalii ina fedha kiasi gani, naangalia inazipeleka wapi.

Mgeni Njoo

Nimeelewa zaidi ya nilivyotarajia. La mwisho Mama: kama ni kufuatilia, nifuatilie nini? Siwezi kukaa na skrini siku nzima.

Mama Hatifungani

Mara moja kwa wiki inakutosha. Fungua riba ya TIPS ya miaka 10, Hazina ya Marekani inaitoa kila siku ya kazi bila malipo, na weka pembeni yake hatifungani ya kawaida ya miaka 10. Kama zote zimepanda sawasawa, riba halisi ndiyo iliyosukuma. Basi tazama benki kuu imesema nini wiki hiyo. Kama ya kawaida imepanda peke yake, ni hofu ya mfumuko, na hapo ndipo dhahabu inafanya ile kazi uliyoinunulia. Usihangaike na vijidesimali vya siku mbili. Hasi 1 hadi 1.6 ndiyo safari, 1.6 hadi 1.7 ni kelele.

Na kama kinachokusumbua ni mwaka wa aina ya 2022 kurudi, wala usiongeze dhahabu. Tafuta sehemu ya tatu ya fungu lako iliyo fupi, mfano hati za Hazina za miezi mitatu. Zinaiva, unazinunua upya kwa riba mpya, rula irefuke isirefuke. Kiasi gani uweke huko siwezi kukupangia bila kujua fedha hizo unazihitaji lini.

Mgeni Njoo

Sehemu ni ya ada ya shule, miaka mitatu ijayo. Nyingine haina haraka.

Mama Hatifungani

Ya ada itoe Nasdaq, na kwenye dhahabu vilevile. Hiyo ina tarehe. Isiyo na haraka iache ilipo.