Naomba ushauri: filamu ya Matewan kwa vijana wa Kamalondo

Ndugu zangu, nataka kuwaonyesha vijana wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, filamu ya Matewan (1987) kuhusu mgomo wa wachimba makaa ya mawe kule West Virginia, Marekani. Sid Hatfield, mkuu wa polisi, alikuwepo kweli, na risasi za Mei 19, 1920 ziliua watu 10, meya akiwemo. Lakini Joe Kenehan, mtu wa sendika anayebeba hadithi nzima, ametungwa tu! Wazee watanibana hapo, maana wana Desemba 1941 yao, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za Wabelgiji, walipopigwa risasi wakidai nyongeza ya mshahara. Je, niwaambie kabla, au watazame kwanza? Nikisema mapema naogopa watakaa kuwinda uongo tu, machozi yasiwatoke.