Kirchgeld imenifikia: mimi KKKT, mume wangu Mwasatru. Tunaandika nini kwenye dini?

Kutoka: Mama N., Bielefeld

Ndugu zangu, naomba msaada kabla muda haujaisha. Bescheid (barua ya makadirio) ya kodi imefika, na ndani wameweka besonderes Kirchgeld (kodi ya kanisa inayopimwa kwa kipato cha wanandoa wote wawili) kwa jina langu. Mimi ni KKKT, yaani Mlutheri; nilipofanya Anmeldung (usajili wa makazi) niliandikwa ev., yaani Mprotestanti. Sasa niko Elternzeit (likizo ya kulea mtoto), sina mshahara. Mume wangu ni Mjerumani, ni Mwasatru, mfuasi wa dini ya miungu ya kale ya Ulaya Kaskazini, na mwanachama wa chama chao. Kanisani alishatoka zamani. Kwenye Mantelbogen (fomu kuu ya kodi), sehemu ya dini, alijaza VD. Alipouliza dirishani kwa nini dini yake haiandikwi, alijibiwa kwamba hiyo si dini. Imemuuma sana.

Maswali: (1) Angeandika Asatru badala ya VD, hii Kirchgeld ingeondoka? (2) Kuna mahali popote serikalini anapoweza kuandikwa kwa jina la dini yake? (3) Karatasi za Standesamt (ofisi ya vizazi na ndoa) za mtoto zina sehemu ya dini ya wazazi. Tujaze nini?

Kutoka: Mzee wa Hesabu, Dortmund

Dada, VD maana yake ni "halipi kodi ya kanisa" tu. Haisemi mtu anaamini nini. Mwislamu wa Tanga anajaza VD, asiye na dini anajaza VD, na mumeo vilevile. Kwa hiyo hakukosea, na kuandika Asatru kusingebadilisha hata senti.

Kirchgeld inakuja masharti matatu yakikutana: mmefanya Zusammenveranlagung (kukadiriwa kodi pamoja), mmoja yuko kwenye kanisa linalotoza kodi na mwenzake hayumo kwenye jumuiya yoyote inayotoza, na yule wa kanisani hana kipato, au kodi yake mwenyewe ya kanisa ni ndogo kuliko Kirchgeld. Inapanda kwa ngazi kufuata kipato chenu cha pamoja, na ngazi ya juu kabisa ni euro 3,600 kwa mwaka.

Kabla ya kulalamika, kagua mambo mawili. Kwanza, kipato wanachopimia lazima kiwe kimeshapunguzwa Kinderfreibetrag (kiasi cha mtoto kisichotozwa kodi), hata kama mlipokea Kindergeld (posho ya mtoto). Pili, kama mlioana katikati ya mwaka, inahesabiwa kwa miezi, moja ya kumi na mbili kwa kila mwezi. Ukikuta wamekosea hapo, una hoja ya nguvu kuliko hoja ya dini.

Kutoka: Bin Tanga, Köln

Toka tu kanisani dada. Mahakamani (Amtsgericht), kitambulisho, euro 30, kwisha.

Kutoka: Dada Rehema, Berlin

Bin Tanga, usimshauri mtu hivyo bila kumwambia mengine. Kutoka hakufuti deni la mwaka uliopita. Na mtu akishatoka hawezi kuwa mzazi wa ubatizo hapa, na ubatizo wa mtoto wake utahitaji mazungumzo na mchungaji. Hilo ni jambo la imani, aamue mwenyewe.

Halafu euro 30 ni ya NRW (jimbo lenu) na Berlin. Brandenburg ni bure, na kwenye majimbo mengine unakwenda Standesamt, si mahakamani. Anayetoka atunze ile karatasi ya Austritt (kutoka kanisani) maisha yake yote. Huku Berlin watu huandikiwa na kitengo cha kodi ya kanisa miaka mingi baadaye wakiulizwa kama walibatizwa, na asiye na karatasi anahangaika.

Kutoka: Mzee wa Hesabu, Dortmund

Ahsante dada Rehema. Njia isiyogusa imani ya mtu ni Einzelveranlagung. Kila mmoja akikadiriwa peke yake, Kirchgeld inaondoka, lakini mnapoteza Splitting (nafuu ya kodi ya wanandoa). Kwa familia yenye mshahara mmoja, Splitting mara nyingi ina thamani kubwa kuliko Kirchgeld yenyewe, kwa hiyo pigeni hesabu zote mbili kwenye programu ya kodi kabla ya kubadilisha. Uchaguzi huo unaweza kugeuzwa maadamu Bescheid haijawa ya mwisho, yaani ndani ya mwezi mmoja tangu ihesabiwe kuwa imewafikia. Tangu 2025 barua huhesabiwa imefika siku ya nne baada ya kutumwa. Soma Rechtsbehelfsbelehrung (maelezo ya jinsi ya kupinga) mwishoni mwa barua uone pingamizi linakwenda Finanzamt (ofisi ya kodi) au kwa kanisa, maana majimbo hayafanani.

Na Kirchgeld unayolipa iandike kwenye Sonderausgaben (matumizi yanayopunguza kodi) za mwaka ulioilipa. Wengi wanaisahau.

Kutoka: Bin Tanga, Köln

Mimi bado naona hii ni dhuluma. Anatozwa kwa mshahara wa mtu ambaye si wa kanisa hilo. Waende Strasbourg.

Kutoka: Dada Rehema, Berlin

Walishakwenda. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua 2017, na Kirchgeld ikabaki. Hoja ni kwamba anayetozwa ni yule aliye mwanachama, si mwenzi wake. Lakini wakikata Kirchgeld ya mke kwenye marejesho ya kodi ya mume, mume ana haki ya kuomba hesabu itenganishwe. Hilo mumeo aliangalie, Mama N.

Kuhusu swali la pili: daftari la wakazi, kwa kifungu cha 3 cha sheria ya usajili, linatunza uanachama wa jumuiya zenye hadhi ya sheria ya umma tu. Vyama vya Waasatru hapa Ujerumani, kama Eldaring au VfGH, ni e.V., yaani vyama vya kawaida vilivyosajiliwa, havina hadhi hiyo. Kwa hiyo mumeo haonekani, kama wengi wetu tusivyoonekana. Aliyemjibu kwamba si dini alivuka mpaka: kazi yake ni kuuliza uanachama wenye athari ya kodi, si kupima imani ya mtu. Katiba, Art. 140, inalinda hata haki ya kukaa kimya kuhusu dini yako.

Kutoka: Kaka Oslo

Huku mambo ni tofauti. Norway ina jumuiya za Asatru zilizosajiliwa, Bifrost na Forn Sed, na zinapata ruzuku ya serikali kwa kila mwanachama. Tangu sheria mpya ilipoanza 2021, jumuiya lazima iwe na wanachama wasiopungua 50 ili ipate ruzuku. Iceland ndiyo imeenda mbali zaidi: Ásatrúarfélagið ilianzishwa 1972, ikatambuliwa 1973, na ukijiandikisha kwake kwenye daftari la taifa, sóknargjald (mchango wa dini) yako kuanzia miaka 16 inakwenda kwake badala ya Kanisa la Taifa. Denmark waliwatambua Forn Siðr 2003. Mumeo hajatunga kitu.

Kutoka: Mjomba Leeds

Uingereza hakuna kodi ya kanisa, dini inaulizwa kwenye sensa, tena kwa hiari. Mwaka 2021 England na Wales walijiandika Wapagani watu kama 74,000, Wicca (dini ya uchawi wa kisasa) kama 13,000. Ajiite Mpagani, yote ni yaleyale, na idadi yao itaonekana.

Kutoka: Kaka Oslo

Hapana mjomba, si yaleyale, na hilo ndilo linalowakera. Wicca ni utaratibu wa Uingereza wa karne ya 20, una duara lake na mungu wa kike na wa kiume. Asatru wanamheshimu Odin, Thor, Freyja na wazee waliotangulia. Ibada yao ni blót, wanamimina kinywaji, kwa kawaida mead (pombe ya asali), na kula pamoja. Baadhi yao hawajiiti Wapagani. Kwenye sensa hiyohiyo uliyoitaja, Heathen (ndilo jina la Kiingereza la watu wa dini kama ya Asatru) walihesabiwa peke yao, kama 4,700.

Kutoka: Mjomba Leeds

Nakubali kwa Heathen. Lakini ndiyo sababu ya ile kampeni ya 2011: uandike "Pagan", weka kistari, kisha tawi lako, ili mjumlishwe pamoja. Scotland 2022 waliweka kisanduku cha Pagan kabisa, wakajaza zaidi ya watu 19,000. Penye kisanduku watu hujaza. Wasipohesabiwa, nani atawatengea nafasi hospitalini au makaburini?

Kutoka: Auntie Zai, Minneapolis

Mama N., shikamoo za huku. Mimi naomba muulize mumeo jambo moja la msingi: chama chake ni cha namna gani? Huku Marekani kuna wanaojiita folkish, wanaosema dini hiyo ni ya damu ya Wazungu peke yao. Asatru Folk Assembly ni wa mrengo huo. Mwaka 2016 vyama vingi vya Heathen vilitia sahihi Declaration 127 kujitenga nao. The Troth, iliyoanzishwa 1987, inapokea mtu wa asili yoyote. Jina la dini ni lilelile, lakini nyumba ni tofauti. Wewe una mtoto mweusi, usome katiba ya chama kabla hujampeleka kwenye blót.

Kutoka: Mama N., Bielefeld

Marahaba auntie. Katiba yao nimeisoma, ubaguzi wameukataa kwa maandishi. Nyundo ya Thor anaivaa, ila kazini walimwuliza kama ni ya Manazi.

Kutoka: Dada Rehema, Berlin

Nyundo haijakatazwa. Kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinagusa alama za makundi yaliyopigwa marufuku, kwa mfano Sig-rune ya SS (rune, au runi, ni herufi ya kale ya Kijerumani), na Odal-rune na Wolfsangel zinapotumika kama alama za makundi hayo. Akichora tattoo ya runi aangalie hapo. Nyundo avae.

Kutoka: Bin Tanga, Köln

Tunazungumza miungu ya Wajerumani, na sisi je? Makaya ya Mijikenda yako UNESCO tangu 2008, lakini mtoto wa Kaya Kinondo akifika Meldeamt (ofisi ya usajili wa wakazi) dini yake haiandikwi. Bibi zetu wakitambika, sisi tuliambiwa ni washenzi, na wengi tukasadiki. Nikisoma habari za huyu shemeji nakumbuka mizimu ya kwetu, ubani na kaniki, na roho inaniuma.

Kutoka: Mjomba Leeds

Tanzania nako sensa haijauliza dini tangu 1967. Mimi naona ni busara, idadi zingetumika kisiasa.

Kutoka: Bin Tanga, Köln

Busara kwa nani? Wakristo na Waislamu wana BAKWATA, CCT na TEC za kuwasemea. Wa tambiko wanasemewa na nani?

Kutoka: Mjomba Leeds

Fungua uzi mwingine, tujadili huko.

Kutoka: Mama N., Bielefeld

Ahsanteni sana wote. Kinderfreibetrag kweli hawakuiondoa, tunaandika Einspruch (pingamizi) leo. Ile karatasi ya Standesamt ya mtoto bado naulizia. Miadi ni Alhamisi.

Kutoka: Mzee wa Hesabu, Dortmund

Einspruch itume kwa ELSTER (mtandao wa ofisi ya kodi) ubaki na uthibitisho, na uombe Aussetzung der Vollziehung (kusimamisha malipo) humohumo, la sivyo lazima ulipe kwanza wakati wanasoma.