Yule mrefu anayedondokewa na maji kwenye kofia ni nani?

Mtoto wa VHS:
Wakuu habari za jioni. Juzi nimekaa na mzee wangu tunaangalia ile kauboi ya 1968, Once Upon a Time in the West, pale mwanzo kabisa stesheni kuna majamaa watatu wanasubiri treni, mmoja ni mweusi mrefu ana kipara, tone la maji linamdondokea kichwani, anavaa kofia, tone linaendelea tu tap tap na yeye wala hasogei, baadae anaivua taratibu anakunywa yale maji. Treni inaondoka, Charles Bronson, steringi wa mkanda, anawalamba wote watatu, basi, hatumuoni tena! Mzee anasema enzi zao huyo alikuwa kila mkanda ila jina hajawahi kulijua. Nani huyu?

Mzee wa Mikanda:
Woody Strode huyo mkuu, mzaliwa wa Los Angeles, 1914. Kabla ya sinema alikuwa anacheza ule mpira wao wa kukumbatia mkononi, chuo cha UCLA alikuwa timu moja na Jackie Robinson, yule aliyekuja kuwa nyota wa baseball, halafu 1946 yeye na mwenzake Kenny Washington wakachukuliwa na Rams, timu ya ligi kuu ya mpira huohuo, wakati ligi hiyo ilikuwa haijagusa mtu mweusi tangu 1933. Mieleka kapiga pia, ndo maana ule mwili.
Kazi yake kubwa kwangu mimi ni Spartacus ya 1960, ile ya watumwa wa Roma. Anacheza mtumwa Mhabeshi, ana wavu na mkuki wa meno matatu, kamuweka steringi Kirk Douglas ukutani, amalize tu, anamwangalia, kisha anageuka anaurusha mkuki kwa wale wakubwa waliokaa juu wanajipepea. Anaparamia mpaka juu na anafia palepale, dakika chache tu na ndo zinazoanzisha uasi wote.

Bi Kauboi:
Sasa mbona hakuwahi kuwa steringi? Mtu wa hivyo!

Mzee wa Mikanda:
Hapo ndo inauma dada. 1960 hiyohiyo muongozaji John Ford kampa Sergeant Rutledge, Rutledge mwenyewe ndo yeye, mkanda una jina lake, lakini jina la kwanza kwenye bango ni Jeffrey Hunter, anayecheza wakili wake 😂 Miaka miwili mbele Ford huyohuyo kamrudisha kuwa mtumishi wa John Wayne.

Kasongo_L'shi:
Mumesahau ya Waitaliano, 1968 pia. Pale yeye ndiye mkubwa, anacheza kiongozi wa Kiafrika anakamatwa na kuteswa, jina walibadilisha ila kila mtu anajua ni Lumumba wetu. Hollywood haikumpa kitu kama kile.

Mtoto wa VHS:
Nimemsomea mzee yote haya, ya Spartacus anaikumbuka ila miaka yote alijua yule ni Mhabeshi kweli 😂 Kasongo, hiyo ya Lumumba inaitwaje kaka?

Kasongo_L'shi:
Seduto alla sua destra. Ukiikosa tafuta Black Jesus, ni hiyohiyo.